Ngozi ya Gari la Bluu

Kiangazi cha mwaka 1956 pale Kagongwa palikuwa na habari moja tu: Mama Makoye atalitengeneza lile jipi lake bovu, au atalitupa achukue Landrova ya Maganga? Wachimbaji waliopita kwenda Geita kwenye dhahabu waliuliza. Wachunga ng'ombe waliuliza. Mimi Mwanaima, niliyekuwa nikikaanga vitumbua barazani kwa huyo huyo Mama Makoye, niliulizwa kutwa mara kumi nikajibu mara kumi na mbili, maana mtu akija kwangu kwa habari moja simwachi aondoke na moja.

Mama Makoye jina lake Zipora. Hoteli yake ya chai ilikuwa kando ya barabara, mabenchi manne na jiko la matope, na hujawahi kuikuta tupu. Mumewe Ngassa ndiye mwenye jipi. Lilikuwa gari la jeshi, lile dogo lisilo na milango, masalio ya vita, na lilikuwa likipeleka watu na mizigo Geita kwa njia ya Ushirombo, kwenye tope linalomeza malori. Sasa lilikuwa limechoka. Springi zimelala, injini inakohoa, na kilima kikija abiria wanashuka wanasukuma huku wamelipa nauli.

Ngassa alitaka liondoke kabisa.

"Chukua Landrova ya watu, Mama Makoye," alikuwa akimwambia mkewe. "Nipumzishe na hicho chuma."

"Maganga anataka ng'ombe thelathini, na hao ndio waliobaki zizini," Zipora anajibu. "Nikiwatoa wote, asubuhi nitakamua nini? Landrova?"

Watu wanacheka, Ngassa hacheki. Ngassa alikuwa ameacha kucheka tangu masika ya mwaka 1952, na hapo lazima nirudi nyuma, vinginevyo hamtajua kwa nini gari bovu liligeuka kuwa kesi.

Jipi hilo Ngassa alilinunua mwaka 1951 kwa Maganga, mwenye gereji Kahama. Maganga hakutaka hela. Alikuwa akikusanya ng'ombe wa kuwauzia wachinjaji wa machimboni, kwa hiyo biashara ilifanyika mnadani kwetu, jipi kwa ng'ombe ishirini na wanne. Na mnada wetu ulikuwa na desturi yake. Muuzaji anasimama mbele ya mwanangwa, mkuu wetu Mzee Bujiku, anaambiwa, "Taja kilema." Kama ng'ombe ana kwato mbovu, kama anapiga teke, unasema hadharani. Kama hana, unatupa fimbo yako chini, maana yake hujaficha kitu. Halafu ng'ombe akifa kwa kilema ulichoficha, mnunuzi anamchuna, anabeba ngozi mpaka mnadani, anaitandika miguuni pako. Hapo hakuna mjadala. Unatoa mwingine, mzima kuliko yule.

Siku ile Ngassa alitaja vilema vya ng'ombe wake wote, hadi yule aliyekatika mkia. Ndipo Mzee Bujiku akatania, "Na wewe Maganga, ng'ombe wako wa chuma hana kilema?"

Mnada mzima ukacheka. Maganga alikuwa mtu wa kupenda kushangiliwa. Akapanda juu ya boneti, akaitupa fimbo yake mbali, akapiga kelele, "Ng'ombe wangu hana kilema! Akifa nileteeni ngozi!"

Nilikuwepo. Jipi lilikuwa limepakwa rangi ya bluu inayong'aa kama chupa ya dawa.

Masika yaliyofuata, kwenye korongo mbele ya Ushirombo, jipi lile liliacha njia likapinduka. Ngassa alitoka na michubuko. Aliyekaa kando yake, Cornel, kijana wa hapa hapa aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka machimboni, alikufa pale pale. Alikuwa mtoto pekee wa mama yake, Klara, jirani yetu ng'ambo ya barabara.

Ngassa alisema neno moja tu, na hakulibadilisha: "Usukani ulinikataa. Nilikata kulia, gari likaenda kushoto."

Nani angeamini? Polisi waliandika ajali wakaondoka, na watu wakaandika la kwao. Walisema alilewa. Walisema alilala. Ikawa mzaha wa mji. Mtu akimwaga chai, "Kikombe kimenikataa!" Mlevi akianguka mtaroni, "Njia imemkataa!" Na wanasema hivyo Ngassa akiwa amekaa pale pale, anatazama vidole vyake. Hakushika usukani tena. Aliajiri madereva, wakaliendesha jipi mpaka likafika hali hiyo niliyoieleza.

Mama Cornel naye, kila asubuhi akienda kisimani, alipita mbele ya hoteli amegeuza uso upande wa pili. Miaka minne. Si shikamoo, si mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi.

Na Maganga? Maganga alikuwa mwema mno! Alilikokota jipi mpaka gerejini kwake, akalitengeneza bure, akalipaka rangi ya kijivu akisema bluu ina mkosi. Msibani alileta gunia la mchele, akakaa mkekani na Mama Cornel, akamwambia kwa sauti ya huruma, "Mama, msamehe Ngassa. Usingizi humpata kila dereva." Tulimsifu wote. Mimi pia nilimsifu, na mdomo wangu ukimsifu mtu anasifika mpaka Shinyanga.

Basi sasa, mwaka 1956, Maganga huyo alikuwa akija na Landrova yake ya kijani anakunywa chai kwa Zipora.

"Ng'ombe thelathini na hilo jipi lenu juu, Landrova yenu," akasema.

"Jipi hili la kusukumwa unalitakia nini, Bwana Maganga?" nikauliza. Mimi huuliza.

"Vyuma chakavu, dada. Kuwasaidia tu."

Zipora alimngoja aondoke, akaniambia, "Anasaidia sana huyu." Kesho yake akamwita Onesmo.

Onesmo alikuwa fundi aliyekwenda vitani Burma na KEYA, jeshi la Mwingereza, akarudi na boksi la spana na sikio moja lisilosikia. Zipora alitaka kujua kitu kimoja: jipi likivikwa springi za lori na injini nyingine, litarudi njia ya Geita au halirudi? Kama linarudi, ng'ombe wabaki zizini na Landrova iende zake.

Onesmo aliingia chini ya jipi asubuhi, saa nne tukasikia tindo inagonga, kisha ikanyamaza muda mrefu.

"Mama Makoye!" akaita. "Hili gari mlilinunua likiwa rangi gani?"

"Bluu," nikajibu mimi kabla yake.

"Na kijivu?"

"Kijivu alipaka Maganga baada ya ajali."

"Njooni mtazame. Na Baba Makoye aje."

Tukalala chali wote wanne kwenye vumbi. Onesmo alikuwa amekwangua chasisi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari lote, karibu na pale usukani unapofungwa. Kulikuwa na ufa mrefu kama kiganja. Upande wa juu ulichomelewa, na juu yake rangi ya kijivu.

"Hii ya juu ni kazi ya baada ya ajali," akasema. "Sasa tazama hapa chini. Huu ni uchomeleaji wa zamani zaidi. Umezibwa kwa lami. Na juu ya lami kuna nini?"

Bluu. Nyembamba kama ganda la kitunguu, lakini bluu.

"Aliyepaka bluu aliuona ufa kwanza," Onesmo akasema. "Akaziba, akapaka, akauza. Chukua bua la mtama lililovunjika katikati, shika huku, zungusha, uone kama kule kunafuata. Siku ufa ulipofunguka, usukani haukuwa umeshika kitu. Ungekata kulia mpaka kesho."

Ngassa alinyoosha mkono akaigusa ile rangi kwa kidole. Akakaa hivyo hivyo, kidole kwenye chuma, machozi yanamtiririka kuingia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. Nilitazama pembeni.

Zipora hakupiga kelele. Alitoka, akanawa mikono, akafuta kwa khanga, akarudi.

"Kinakatika?" akauliza.

"Nini?"

"Hicho kipande. Kinakatika kikatoka kizima, na rangi zake zote?"

Onesmo akakaa. "Mama Makoye, sikiliza. Ufa huu ninaweza kuupiga bamba pande mbili, nikaweka springi, nikaweka injini, na jipi likatembea miaka kumi. Hiyo ndiyo kazi uliyoniitia. Nikikata kipande, nimelichinja. Halitasimama tena."

"Na wazee wakikataa kukusikiliza," nikasema, "utabaki bila jipi na bila Landrova. Mtakula nini, shoga?"

"Liache, Mama Makoye," Ngassa akasema. "Mimi nimejua, yatosha. Cornel hatarudi."

"Cornel hatarudi," Zipora akasema. "Wewe utarudi." Akamgeukia Onesmo. "Kata."

Msumeno wa chuma ulilia mpaka alasiri. Kipande kilipotoka kilikuwa na urefu wa mkono, na jipi likakaa chini kwa pua kama ng'ombe anayepiga magoti. Zipora akalifunika turubai. Kisha akanijia mimi.

"Mwanaima. Mnada mkubwa ni siku kumi na moja kutoka leo. Neno hili ukilitamka hata mbele ya kitumbua, baraza langu utalisahau."

Siku kumi na moja! Mungu ananijua. Sikulala vizuri, nilikaanga vitumbua vikaungua. Watu wakiuliza "Mama Makoye ameamua nini?" nasema sijui, nao wananitazama kama mgonjwa.

Maganga alikuja mara tatu katika siku hizo, na kila mara Zipora alimkaribisha kama mkwe.

"Sukari ngapi, Bwana Maganga?"

"Nne, mama."

Anamwekea tano. Anasimama kando anamtazama akinywa, mpaka mwisho wa kikombe, hapepesi macho.

"Mbona mmelifunika jipi?" Maganga akauliza siku moja.

"Kuku wanalichafua. Nataka nikukabidhi safi."

"Tumalizane leo basi, hapa hapa, mambo ya mnada ya nini?"

"Ndugu wa mume wangu wanataka kuona ng'ombe wao wanakwenda wapi. Wewe mnada unakuogopesha, Bwana Maganga? Wewe uliyepanda juu ya boneti?"

Akacheka, akakubali. Alipoondoka Zipora alichukua kile kikombe akakisugua kwa mchanga mara mbili. Nikamwambia, "Utakitoboa." Akasema, "Bora kitoboke."

Siku ya mnada alinituma kwa Mama Cornel. Sikujua nianzie wapi.

"Shikamoo, mayu," nikasema, yaani mama kwa Kisukuma.

"Marahaba."

"Mama Makoye anakuomba mnadani."

"Mimi na nyumba ile hatuna neno."

"Kuna ngozi inatandikwa leo, mayu. Inakuhusu."

Alinitazama sana. Kisha akajifunga khanga ya pili, akanifuata hatua ishirini nyuma, tusije tukaonekana tuko pamoja.

Mnada ulikuwa umefurika. Maganga alisimamisha Landrova katikati, imeoshwa, inawaka jua. Mzee Bujiku akiwa kwenye kigoda chake akauliza kama ilivyo desturi, "Maganga, taja kilema."

"Hana!" Maganga akatupa fimbo, akawakonyeza vijana. "Kama yule wa kwanza!"

Zipora akasogea mbele. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Mwanangwa, kabla sijatoa ng'ombe wangu, nina ng'ombe aliyekufa. Muuzaji wake ndiye huyu."

Akaashiria. Onesmo na Ngassa wakaja wamebeba ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa, wakaiweka miguuni pa Maganga, wakaikunjua. Ndani yake kilikuwa kile kipande cha chuma, ufa juu, kijivu upande mmoja na bluu upande mwingine.

"Ulisema akifa tukuletee ngozi," Zipora akasema. "Nimeleta."

Onesmo akaeleza kama alivyotueleza, kijivu, lami, bluu, hadi bua la mtama alikuwa nalo mkononi. Mzee Bujiku akainuka kwenye kigoda, akainama, akaikwaruza bluu kwa ukucha.

"Huu ni upuuzi gani?" Maganga akafoka. "Gari si ng'ombe! Gari lina makaratasi, lina sheria zake!"

"Siku ile lilikuwa ng'ombe!" akajibu mchungaji mmoja kutoka nyuma, na vicheko vikaanza kuzunguka. "Lilikuwa ng'ombe mpaka ulipowapokea wetu ishirini na wanne!"

"Bluu hii alipaka nani?" Mzee Bujiku akauliza taratibu.

Hapo Maganga akafanya kosa. Watu walimzunguka, jasho linamtoka, akashika neno la kwanza lililomjia.

"Nilimwambia! Nilimwambia Ngassa kuna ufa kidogo. Aendeshe polepole. Yeye ndiye hakusikia!"

"Kwa hiyo ulijua," Mzee Bujiku akasema.

Watu walikuwa wamepisha, na katikati yao alikuwa anakuja Mama Cornel. Alikuja mpaka kwenye ngozi, akasimama.

"Ulijua," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, tulilazimika kusogea. "Ulikaa mkekani kwangu. Ulikula chakula cha msiba wa mwanangu. Ukaniambia ni usingizi wa Ngassa. Miaka minne nimemgeuzia uso mtu huyu. Na wewe ulijua."

"Mama, mimi nilileta mchele..."

"Nitakurudishia," Mama Cornel akasema. "Gunia zima. Uule wewe."

Mzee Bujiku alirudi kwenye kigoda.

"Maganga. Fimbo yako imeanguka hapa mara mbili, na watu wote wameiona. Ng'ombe amekufa kwa kilema kilichofichwa, ngozi hii hapa. Toa mzima kuliko yule."

"Nitakwenda bomani! Nitawashtaki wote!"

"Nenda," Zipora akasema. "Na hiki kipande nitakukopesha ukawaonyeshe. Uwaeleze na Cornel alikufaje. Mimi nitakuja shahidi, na Mama Cornel, na mnada huu wote. Tutajaza lori."

Maganga akatazama huku na huku. Landrova yake ilikuwa imeegemewa na vijana wenye fimbo pande zote nne, wanatafuna majani. Akatoa ufunguo mfukoni, akautupa juu ya ngozi.

"Si hapo," Zipora akasema. "Uokote. Mpe mkononi aliyekataliwa na usukani."

Nimeona mengi mnadani, lakini sijamwona mtu akiokota kitu polepole namna ile. Akampa Ngassa kwa mkono mmoja.

"Miwili," Zipora akasema.

Akampa kwa miwili.

Kahama ni maili kumi na mbili. Alizianza kwa miguu na viatu vyake vya ngozi, na hakuwa amefika mwisho wa mnada pale mtu mmoja, simtaji jina ila anakaanga vitumbua, alipopiga kelele, "Gari limemkataa!" Basi ikawa wimbo. Watoto, wachunga, wachimbaji, kila mtu: "Limemkataa! Limemkataa!" Walimsindikiza nao mpaka kwenye mibuyu ya mbali.

Ngassa alibaki ameshika ufunguo kama kitu cha moto. Mama Cornel akamwendea. Nilidhani atampiga, au atalia.

"Baba Makoye, mwangaluka," akasema, ingawa jua lilikuwa limeshavuka kichwa. Nadhani zilikuwa salamu za asubuhi zote zile alizomnyima.

Ngassa akaitika, "Mwangaluka, mayu."

"Nipeleke korongoni. Sijapaona mwanangu alipofia."

"Mayu, sijashika usukani tangu..."

"Ndiyo maana nataka unipeleke wewe."

Injini ilimzimikia mara mbili. Mara ya tatu ikakubali. Wakaondoka, yeye na Mama Cornel kiti cha mbele, Zipora nyuma na jembe la kusafishia mahali. Siku ya pili walirudi wamejaa vumbi. Mama Cornel alishuka, akavuka barabara akielekea kwake, akasita, akageuka, akaja kukaa kwenye benchi letu. Zipora akammiminia chai bila kumwuliza.

Jipi tuliligawa. Kiti chake cha nyuma kikawa benchi la tano la hoteli, wachimbaji wanakigombania mpaka leo. Wanaouliza kama haingekuwa bora kulipiga bamba na springi za lori, Onesmo huwaambia gari zuri ni lile lililokufa kwa faida. Kile kipande cha chasisi Zipora alikining'iniza kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza, upande wenye bluu ukitazama barabara, ikawa ndiyo kengele yetu ya chai.

"Umeridhika sasa, Mama Makoye?" Mama Cornel alimwuliza siku moja.

Zipora alikuwa anasugua vikombe. "Bado," akasema.

Maganga hakununua gari jingine. Akawa anapanda basi la Shinyanga kama sisi wengine, na basi hilo halina njia nyingine ila mbele yetu. Kondakta alikuwa rafiki yangu, na Maganga akiwa ndani alikuwa akitutolea kitambaa dirishani kama ishara. Zipora akikiona huacha alichoshika, hata kama ni mtoto wa mtu. Huchukua spana kubwa ya Onesmo, huenda nguzoni, hugonga mara moja, mbili, tatu, mlio unafika mpaka kisimani, na basi zima linageuka kutazama.

"Chai ipo, Bwana Maganga!" humwita. "Sukari tano!"